Vikapu vya Wapi, Maharagwe ya Wapi

Mfanyabiashara wa Muyinga akisema "vikapu vya maharagwe ya Muyinga", msikilizaji anaelewa papo hapo kwamba maharagwe ndiyo yaliyotoka Muyinga; vikapu vyenyewe huenda vilisukwa Gitega au Ngozi. Akibadili silabi moja akasema "vikapu vya maharagwe vya Muyinga", habari imegeuka. Sasa vikapu ndivyo vya Muyinga, na maharagwe yanaweza kuwa yametoka popote. Hakuna mwalimu anayelifundisha jambo hili. Mtoto hulipata kwa mama yake kabla hajashika kalamu.

Mfanyabiashara huyohuyo sasa aandike kwa Kiingereza: "baskets of beans from Muyinga". Ni vikapu au ni maharagwe? Sentensi haisemi. Neno "from" halina ngeli, halijui kama mbele yake palitajwa vikapu, maharagwe au watu. Neno "of" ni hivyohivyo. Katika Kiswahili, a-unganifu hubeba alama ya nomino inayoitumikia: wakuu wa nchi, vikapu vya wanawake, ngoma za Gishora, magunia ya saruji. Kiingereza hakina chombo hicho. Kina vitu viwili tu vya kufanyia kazi hiyo: ile "s" ya wingi inayobandikwa kwenye nomino, na mahali kirai kinapowekwa katika sentensi. Makosa mengi ya Kiingereza yanayoandikwa na watu waliolelewa kwa Kirundi na Kiswahili hutokea hapo, na dawa yake inapatikana humohumo katika lugha zao.

Suala hili lina uzito wake Burundi. Nchi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, pamoja na Rwanda. Mkataba ulioanzisha Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulikifanya Kiingereza lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa kanda. Mwaka 2014 Burundi yenyewe ilikiweka Kiingereza katika orodha ya lugha zake rasmi, kando ya Kirundi na Kifaransa. Gitega, mji ambao Wajerumani waliufanya makao yao ya utawala mwaka 1912, umekuwa mji mkuu wa kisiasa tangu mwanzoni mwa 2019, na ofisi zake sasa hupokea na kutuma barua za Kiingereza. Muyinga iko njiani kuelekea mpaka wa Kobero, ambako malori kutoka bandari ya Dar es Salaam huingia nchini yakipitia Kabanga upande wa Tanzania. Kiingereza cha Muyinga ni cha ankara, hati za mizigo na ujumbe wa simu kwa mteja wa Kahama au Kampala. Kosa la herufi moja hapo linaweza kuzua ubishi juu ya mzigo.

Jambo la kwanza ni "s". Inakwenda kwenye nomino kuu, ile inayohesabiwa, wala haiendi mwishoni mwa fungu la maneno. Gunia moja la kahawa ni "a bag of coffee". Magunia kumi ni "ten bags of coffee". Anayeandika "ten bag of coffees" amehesabu kahawa akaacha magunia. Kiswahili kina sheria hiyohiyo: wingi wa "gunia la kahawa" ni "magunia ya kahawa", na kahawa inabaki ilivyo. Mrundi aliyesoma Kifaransa ana msaada wa pili, kwa kuwa "sacs de café" hufuata njia ileile.

Vyeo vya Jumuiya ni mazoezi mazuri. Mkuu mmoja wa nchi ni "Head of State". Wakikutana Arusha ni "Heads of State", wala si "Head of States" wala "Heads of States". Mbunge ni "Member of Parliament", wabunge ni "Members of Parliament". Mama mkwe ni "mother-in-law", na bwana aliyeoa wake wawili ana "two mothers-in-law". Wapita njia ni "passers-by". Kifupisho, hata hivyo, kina desturi yake: "Members of Parliament" ikifupishwa huwa "MPs", na "s" inakwenda mwisho kwa sababu kifupisho kimekwisha kuwa neno moja.

Jambo la pili ni kitenzi, na hapa ndipo walioendelea mbali bado hujikwaa. "The price of beans have gone up", huandikwa mara nyingi, kwa sababu "beans" imekaa jirani na kitenzi na kukivutia kwake. Lakini kilichopanda ni bei. Hakuna Mswahili atakayesema "bei ya maharagwe yamepanda". Sikio lake litakataa. Basi alitumie sikio hilo. Kabla ya kuchagua kati ya "has" na "have", aseme sentensi kimoyomoyo kwa Kiswahili na asikilize kiambishi cha kitenzi. Bei ya maharagwe imepanda: "the price of beans has gone up". Bei za maharagwe zimepanda: "the prices of beans have gone up". Orodha ya majina imefika: "the list of names has arrived". Magunia ya sukari yamefika: "the bags of sugar have arrived". Baraza la Mawaziri limeidhinisha: "the Council of Ministers has approved", hata kama mawaziri ni wengi kiasi gani.

Jaribio hili linakwenda mbali kuliko mtu angetarajia. Vitabu vya sarufi hutumia kurasa kueleza kwa nini "the number of students" huchukua umoja na "a number of students" huchukua wingi. Kwa Kiswahili jibu liko wazi. "The number of students" ni idadi ya wanafunzi, nayo imeongezeka, kwa hiyo "has increased". "A number of students" ni wanafunzi kadhaa, nao wamefika, kwa hiyo "have arrived". "Most of the students" ni wengi wa wanafunzi, nao wapo, kwa hiyo "are". "One of the teachers" ni mmoja wa walimu, naye amehama, kwa hiyo "has moved". Ila "teachers" lazima ibaki na "s" yake, maana mmoja hutolewa katika wengi. "One of the teacher" ni kosa linalorudi tena na tena katika madaftari, nalo huondoka mara mwanafunzi anapokumbuka kwamba hakuna anayesema "mmoja wa mwalimu".

Lakini jaribio lina mipaka, na anayelitumia bila kuijua ataumia. Kuna nomino ambazo Kiswahili huzipatanisha kama za wingi huku Kiingereza kikizihesabu kama kitu kimoja. Maji yamechafuka, maziwa yamemwagika, mafuta yameadimika, habari zimefika. Kwa Kiingereza zote ni umoja: "the water in the tanks is dirty", "the milk in the cans has spilt", "the fuel from Tanzania is late", "news of the election has arrived". Kirundi hakimsaidii mtu hapa, kwani "amazi" na "amata" nazo zimevaa vazi la wingi. Na mtego wenyewe ni mara mbili: "water" humwita mwandishi kwa ngeli ya Kiswahili, kisha "tanks" humvuta kwa ujirani. Kinyume chake kipo pia. Suruali imekauka, mkasi umepotea, miwani imevunjika. Kwa Kiingereza hizo ni wingi daima: "the trousers on the line are dry", "the scissors in the drawer are lost", "the glasses on the table are broken". Nomino za namna hii si nyingi. Anayeandika ankara na barua kila siku azikariri kwa pamoja, kundi la maji na kundi la mkasi, na jaribio la kiambishi litamfaa kwa karibu kila kitu kingine.

Sasa yaje yale yaliyo mazito zaidi: kuchagua kihusishi chenyewe. A-unganifu ni mtumishi wa kazi zote. Abiria aliyesimama katika stendi ya Muyinga akiuliza "mabasi ya Gitega yako wapi?" anaulizia mabasi yanayokwenda Gitega. Mtu aliyesimama Bujumbura akisema "mabasi ya Gitega yamechelewa" huenda anangoja mgeni, na mabasi hayo ni yanayotoka Gitega. Na afisa akiandika kwamba mabasi ya Gitega yakaguliwe, anazungumzia yaliyoko Gitega. Kiswahili kinaliacha jukumu hilo kwa mazingira. Kiingereza hakiachi: ni "the buses to Gitega", kisha "the buses from Gitega", kisha "the buses in Gitega". Anayeandika "the buses of Gitega" mara zote tatu amemwachia msomaji kazi ya kukisia, na msomaji aliyeko Kampala hana stendi ya kumsaidia.

Kifaransa kimechangia tatizo hili. "Les étudiants de Gitega" huwa "the students of Gitega" kwenye kalamu ya haraka, na "responsable de" huzaa "responsible of" mahali pa "responsible for". Lugha mbili zinapokubaliana kwamba neno dogo moja linatosha, ni rahisi kuamini kwamba ya tatu nayo itakubali.

Njia nzuri ni kukitoa nje kitenzi kilichojificha ndani ya a-unganifu. Walimu wa Gitega: ni walioko Gitega, basi "teachers in Gitega", au ni waliotoka Gitega, basi "teachers from Gitega". Ngoma za Gishora, kilima cha wapiga ngoma karibu na Gitega: zilizoko pale kilimani, "the drums at Gishora", zilizoletwa kutoka huko kwa ajili ya sherehe, "the drums from Gishora", zilizo mali na sifa ya mahali hapo, "the drums of Gishora". Dawa za malaria ni za kutibu malaria: "tablets for malaria". Nyumba za mabati ni nyumba zilizoezekwa kwa mabati, na Kiingereza kinataka paa litajwe: "houses with iron roofs". Wanawake wa vikapu, kama wanavyoitwa sokoni, ni wanaobeba vikapu, "women with baskets", au ni wanaosuka, na hapo kihusishi hakifai kabisa: ni "basket makers".

Kwa kifupi, yanayokwenda huzaa "to", yanayotoka huzaa "from", yaliyoko huzaa "in" au "at", yenye huzaa "with", ya kufanyia au kutibia huzaa "for". "Of" inabakia kwa mali, sehemu, kipimo na kilichomo ndani: "the roofs of the houses", "two litres of oil", "cups of tea". Vikombe vya chai ni mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini. Vikiwa na chai ndani ni "cups of tea". Vikiwa kabatini, vikavu, vinangoja wageni, ni "tea cups". Mwenye duka la vyombo Gitega anayemwandikia muuzaji wa Nairobi akiagiza "200 cups of tea" ameagiza kinywaji.

Zipo nomino ambazo kitenzi kilichofichwa hakitoshi kuzieleza, na hizo huingia kichwani kwa kukaririwa pamoja na kihusishi chake, kama vile mtoto anavyokariri jina na ngeli yake. Majibu ya maswali ni "answers to the questions". Sababu za kuchelewa ni "reasons for the delay". Funguo za ghala ni "keys to the store". Mabadiliko ya bei ni "changes in prices". Tofauti za miji miwili ni "differences between the two towns". Maombi ya kazi ni "applications for jobs". Ziara za Gishora, yaani za watu kwenda kuitembelea, ni "visits to Gishora". Mwanafunzi anayenunua daftari jipya na kuandika "answer" peke yake upande mmoja na "jibu" upande wa pili amejinyima nusu ya neno. Aandike "answer to", "reason for", "key to", na wingi utakapokuja, kihusishi hakitabadilika.

Wanaotengeneza vipeperushi vya utalii Gitega wana kesi yao. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza sanaa ya ngoma ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na jina lake la Kiingereza ni "Ritual dance of the royal drum". Ngoma imetajwa kwa umoja, ikisimama badala ya sanaa nzima. Jina hilo linakiliwe lilivyo, bila kuongezwa "s". Lakini sentensi inayofuata, inayoeleza vyombo vyenyewe vilivyopangwa nusu duara, irudi kwenye wingi: "the drums in the half-circle are beaten together". Na wapigaji ni "drummers from Burundi" wakiwa wageni Brussels. Wanapojitangaza kama kundi lenye jina, "the drummers of Burundi" inakaa vizuri zaidi.

Mahali pa kirai ndipo pagumu kuliko pote, kwa sababu hapa Kiingereza hakitoi onyo lolote. Chukua tangazo: wanahitajika walimu wa shule wenye uzoefu. Kiswahili kimemaliza kazi. "Wenye" inarudi kwa walimu. Ingekuwa shule ndizo zenye uzoefu, ingeandikwa "zenye". Likitafsiriwa neno kwa neno, "teachers for schools with experience", uzoefu umehamia kwa shule. Kirai hushikamana na nomino iliyo karibu nacho, ndiyo maana lazima kisogezwe: "teachers with experience are needed for schools in Muyinga". Njia fupi zaidi ni kugeuza kirai kuwa kivumishi na kukipeleka mbele: "experienced teachers for schools in Muyinga".

Ujanja huohuo unaviokoa vikapu na maharagwe. Kama maharagwe ndiyo ya Muyinga, jina la mahali lisimame mbele yake: "baskets of Muyinga beans". Kama vikapu ndivyo vya huko, jina lihamie kwenye vikapu: "Muyinga baskets filled with beans". Na kwa haki, Kirundi kwa mfano huu hakina ubora juu ya Kiingereza. Katika "ibitebo vy'ibiharage vy'i Muyinga" nomino zote mbili ziko katika ngeli moja, na "vy'" ya mwisho inaweza kurudi kwa yoyote. Mrundi anayelihisi tatizo hilo katika lugha yake ya nyumbani ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi anapoandika lugha ambamo kila kirai kiko hivyo.

Virai vikiwa vitatu au vinne, Kiingereza huvivumilia ikiwa vyote vinarudi kwenye nomino moja na vinafuata mwendo wa jambo lenyewe: aliyetuma, aliyepokea, kilichozungumzwa. "Letters from parents to teachers about fees" inasomeka bila shida. "Letters about fees to teachers from parents" inamsimamisha msomaji. Ikiwa kila kirai kinaning'inia kwenye nomino ya kirai kilichotangulia, kama katika "the leaders of the associations of the growers of coffee in the hills of Muyinga", msomaji atakuwa amesahau viongozi kabla hajafika kwenye kitenzi. Hapo nomino ziwekwe kando kwa kando bila kihusishi: "the leaders of coffee growers' associations in the Muyinga hills". Nomino ya kwanza kwa kawaida huvua wingi wake: wakulima wa ndizi ni "banana growers", wauza mboga ni "vegetable sellers", ada za shule ni "school fees". Nomino chache hukataa kuuvua, na watu wa mpakani wanazijua vizuri, maana maafisa wa forodha wa Kobero ni "customs officers", na hata akiwa mmoja ni "a customs officer".

Kwa mazoezi, mtu asianzie kwenye riwaya. Aanze na karatasi zilizomzunguka. Hati ya mizigo ina kila kitu kinachohitajika kwa mafunzo ya wiki nzima. Marobota 12 ya mitumba ni "12 bales of used clothes": "bales" ina "s" kwa sababu zinahesabiwa, na "clothes" inayo kwa sababu neno hilo haliishi bila "s". Katoni 40 za sabuni ni "40 cartons of soap". Magunia 200 ya saruji ni "200 bags of cement". Jozi 30 za viatu ni "30 pairs of shoes", ambapo viatu vinabaki katika wingi hata jozi ikiwa moja. Samani huandikwa kwa vipande, "six pieces of furniture", na karatasi kwa kurasa, "ten sheets of paper", kwa kuwa "furniture" haina wingi, na "papers" huleta maana ya hati au magazeti. Mikate minne ni "four loaves of bread". Na mchuuzi wa mifugo anayevusha ng'ombe 15 ataandika "15 head of cattle", bila "s" yoyote kwenye "head", hata siku atakayovusha 150.